Karatasi ya Arobaini na Moja

Waliohusika na kukatwa kwa karatasi ya arobaini na moja katika Daftari la Pili la kanisa letu la Jeppestown, hapa Johannesburg, ni watu watatu. Wa kwanza ni Mchungaji, aliyetoa agizo. Wa pili ni Ndugu Célestin, ambaye leo ni mwenyekiti wa jumuiya yetu; yeye ndiye aliyeomba ikatwe. Wa tatu ni mimi, niliyeshika wembe na rula. Naanza hivi kwa sababu nimesikia watu wakisema, kuanzia Jeppestown hadi La Rochelle, kwamba daftari lile "liliharibika". Daftari haliharibiki lenyewe. Mvua haikulinyeshea na panya hawakuligusa. Lilikatwa siku ya Jumapili, saa tano asubuhi, watu wakiimba.

Ninawaandikia ninyi vijana, hasa mliozaliwa katika jiji hili, mnaosikia Kiswahili cha wazazi wenu na kukijibu kwa Kiingereza au Kizulu. Siku moja mmoja wenu atakabidhiwa madaftari haya, na ni haki yake kujua anapokea nini. Nilikuwa katibu wa madaftari kwa miaka kumi na saba, na kabla ya hapo karani wa serikali kule Uvira, Kongo. Kazi nyingine siijui. Marehemu mke wangu alikuwa akisema kwamba mimi siwezi kupigilia msumari, ila ninaweza kuandika vizuri sana kwamba msumari umepigiliwa.

Aliyenifundisha kazi hapa ni Mzee Barnabé, Mrundi, karani mstaafu kama nilivyo mimi leo. Kanisa lilikuwa, na bado liko, ghorofani juu ya karakana ya wachomeleaji, na siku za kazi tuliandika huku chuma kikilia chini ya miguu yetu. Madaftari yalikaa katika sanduku la bati lenye kufuli mbili. Mzee alichemsha chai ya tangawizi kwenye jiko la umeme lililokuwa bovu, na mafunzo yangu mengi niliyapata tukingoja maji yachemke. Leo nikisikia harufu ya tangawizi na ya chuma kilichoungua, nanyoosha mgongo bila kuambiwa.

"Bwana mdogo," aliniambia siku ya kwanza, ingawa nilikwishatimiza miaka hamsini na miwili, "hapa kosa halifutwi. Unalipiga mstari mmoja tu, mwembamba, ili liendelee kusomeka. Juu yake unaandika lililo sahihi, pembeni unatia sahihi yako na tarehe. Anayefuta anasema hakukosea. Anayepiga mstari anasema, nilikosea, tazama, na sasa nimerekebisha."

"Na nikikosea mara mbili katika mstari huohuo?"

"Basi tutajua kwamba siku hiyo ulikuwa na njaa."

Muelewe pia kwa nini vitabu hivi vilikuwa na uzito. Watu wetu walifika Johannesburg wakiwa na nguo za mwilini na simu isiyo na chaji. Vyeti vilibaki kwenye nyumba zilizochomwa. Mtu alipopanda ngazi zetu kwa mara ya kwanza, tulimwandika: jina lake, alikotoka, mke au mume aliyenaye au aliyemwacha, watoto wake, na mbele ya nani anayasema hayo. Ubatizo, ndoa, vifo, mtoto aliyeachwa kwa nani. Hakuna ofisi iliyotutuma kufanya hivyo. Lakini mara ngapi nimeona askari au karani wa mjini akikitazama kitabu chetu, kisha akisema, "Sawa."

Nami nilikosea, tena si kidogo. Mwaka wangu wa tatu nilipokea simu kutoka Durban kwamba Papa Kasongo, mlinzi wa usiku, amefariki. Nikamwandika katika vifo kwa mwandiko wangu bora kabisa. Wiki mbili baadaye akapanda ngazi, kavaa suti.

"Papa Katibu," akasema akinipa mkono, "nasikia miye nilikufa."

Mzee Barnabé hakucheka. Alinisogezea kalamu. Nikapiga mstari mmoja, nikaandika juu yake: "Ameonekana akiwa hai, amesalimia." Nikatia sahihi. Papa Kasongo akasoma, akaomba nakala. Kwa miaka mingi aliibeba mfukoni, na kila aliposimamishwa na polisi aliwaonyesha hiyo kwanza. Alisema hakuna aliyewahi kumwomba karatasi ya pili.

Sasa niseme juu ya Amerika, maana wazo lililotufikisha hapa lilitoka huko. Mwaka 2015 Mchungaji wetu alialikwa Amerika akakaa miezi mitatu. Alirudi mnene kidogo, akiwa na koti jeupe, na mahubiri yake yalikuwa yamebadilika.

"Kule, ndugu zangu," alituambia, "mtu akianguka, anasimama mbele ya kamera, analia, anasema nimezaliwa upya. Kesho yake anagombea cheo, na watu wanampa! Hakuna anayemuuliza ya jana. Sisi tunabebeshana makosa kutoka babu hadi mjukuu. Ndiyo maana hatuendelei!"

Watu walipiga makofi. Nami nilipiga, na ninaliandika hilo hapa ili lisisemwe na mwingine.

Mwaka uliofuata Wamarekani walikuwa katika uchaguzi wao, na katika kibanda cha kinyozi Hamisi pale La Rochelle televisheni haikuonyesha kingine. Hamisi ni mtu wa Tabora, ana wembe mkali na ulimi mkali zaidi.

"Hawa jamaa," alisema, "kila baada ya miaka minne nchi yao inakufa, na kila mgombea anajiita mkunga."

"Afadhali wao wana mkunga," akajibu mteja wa kwetu, povu likiwa shavuni. "Siye kwetu kila siku ni matanga tu, mtoto hatumuoni."

Nilicheka, kisha nikaenda maktaba, kwa sababu mimi nikikutana na jambo hulitafutia maandishi. Nilisoma miezi kadhaa. Niliona kwamba wazo hili kwao si la mgombea mmoja wala la chama kimoja. Waliovuka bahari waliacha majina yao bandarini wakavaa mengine. Wahubiri wao walisimama katika mahema, wakawaambia walevi na wacheza kamari kwamba kabla ya jua kuzama wanaweza kuwa watu wengine. Mfanyabiashara anafilisika, anahamia jimbo jingine, anaanza tena, na jirani anamheshimu kwa kuanza tena. Mmoja anawaahidi kurudisha ukuu uliopotea, mwenzake anawaahidi mapambazuko. Wote wawili wanauza mtoto mchanga. Sitaki mnidhanie kuwa mzee mwenye husuda. Wazo hilo lina uzuri wake. Kwa mtu aliyekimbia usiku na mtoto mgongoni, kuambiwa "unaweza kuanza tena" ni maji ya kunywa.

Ila nilisoma pia kwamba walipokuwa wakiuana wao kwa wao kwa ajili ya utumwa, kiongozi wao mmoja alisimama penye makaburi mabichi akaomba uhuru uzaliwe upya. Hapo niliweka kitabu chini. Alisimama makaburini. Hakuomba makaburi yasawazishwe kwanza. Na nilisoma kwamba hadi leo wajukuu wa watumwa huwatafuta mababu zao katika madaftari ya mabwana waliowamiliki, kwa sababu hawakuandikwa penginepo. Kama mabwana wale wangezaliwa upya kwa kuchoma vitabu vyao, wajukuu hao wangeshika nini mkononi?

Jambo hili ningelijua bila kwenda maktaba. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, karani mgeni kule Uvira, serikali ilipoamuru kwamba nchi imezaliwa upya na majina ya kigeni yaachwe. Nilipewa chupa ya wino na orodha. Wiki ile niliwaua Wapetro thelathini na Wamaria nisiowahesabu. Mkuu wangu alitaka majina ya zamani yafunikwe kabisa, nami nilitii, nikayafunika. Miaka ilipopita na majina yakaruhusiwa tena, walikuja wazee kuuliza walibatizwa lini, nami nikawaonyesha mistari mipana myeusi. Mama mmoja aliutazama mstari wake muda mrefu, akauliza, "Miye ndiye huyu?" Mtu aliyeona hayo hakuwa na udhuru wa kuyarudia. Mimi niliyarudia.

Mwaka 2017 jumuiya yetu ilikuwa ikichagua mwenyekiti. Ndugu Célestin alitaka kiti. Ni mtu mwenye uwezo, sauti nzuri, duka la vipuri vya magari, na msaada wake kwa wafiwa siukatai. Lakini alipofika hapa miaka mingi nyuma alijieleza mwenyewe mbele ya Mzee Barnabé, akaandikwa: ana mke kule kwetu, mjini Baraka, jina lake Mama Noëlla, na watoto wawili. Miaka mitatu baadaye alifunga ndoa nyingine hapa Johannesburg, katika kanisa lisilotujua. Wapinzani wake wakaanza kunong'ona juu ya karatasi ya arobaini na moja.

Basi Mchungaji akatangaza Jumapili ya Kuzaliwa Upya. Pipa la chuma lenye moto liliwekwa uani. Watu walileta vitu vya maisha yao ya zamani: hirizi, barua, picha za wachumba, chupa. Kisha Célestin akasimama mbele akiwa amevaa nyeupe, akalia. Alilia vizuri. Alisema alikuwa mtu wa giza, kwamba mtu yule amekufa, na kwamba jina la maiti halifai kubaki katika kitabu cha walio hai. Sikilizeni ninyi mtakaoandika baada yangu: aliungama dakika ishirini bila kumtaja mtu yeyote aliyemkosea.

"Papa Katibu," Mchungaji akaniita mbele ya watu wote, "leta Daftari la Pili."

Mzee Barnabé alikuwa amekwisha kufariki. Ningeweza kusema hapana. Lakini waliimba, walinitazama, na mimi ni mtu aliyelelewa na maagizo. Nililifungua kitabu, nikaweka rula kwenye mshono ili kisilegee, nikapitisha wembe mara moja. Haikuchukua nusu dakika. Nilimpa karatasi yake, wakashangilia, na nafsi yangu ikaona fahari kwa unyofu wa ule mkato.

Sikuigeuza. Kila karatasi ya daftari ina uso na mgongo, na katika miaka arobaini na mitano ya ukarani sikuwa nimewahi kutoa karatasi kitabuni, kwa hiyo sikuwa na mazoea ya kuigeuza kwanza. Laiti tungeandika uso mmoja tu, kama Mzee alivyopendelea! Mimi ndiye niliyemshawishi tuandike pande zote, kwa kupenda kitabu kilichojaa vizuri.

Célestin alishinda uchaguzi ule kwa kura nyingi.

Miezi kumi baadaye Mama Salome alikuja chumbani kwangu La Rochelle. Ni fundi cherehani, mtu wa Bukavu, mwanamke asiyepoteza maneno. Aliongozana na Riziki, binti wa miaka kumi na minne, mwenye sare ya shule na nywele zilizosukwa vizuri.

"Papa Katibu, Amerika wametuita kwa mahojiano ya wakimbizi wanaohamia kwao," alisema. "Jina langu limekubaliwa. Sasa wanauliza juu ya huyu. Wanasema hana damu yangu, nionyeshe nilimpata wapi."

"Na umewaambia?"

"Nimewaambia rafiki yangu Nabintu alinipa, akiwa mgonjwa, kanisani. Yule mama wa ofisini ni mpole, lakini anasema anataka karatasi iliyoandikwa siku ile. Ya leo haitaki."

"Iko," nikasema. "Nakumbuka siku ile. Daftari la Pili."

Niliikumbuka kweli. Nabintu alibebwa ngazini na watu wawili. Hakuweza kushika kalamu, basi Mzee Barnabé aliutia wino wa zambarau kwenye dole gumba lake, akalikandamiza polepole kwenye karatasi, akalipuliza likauke. Chini yake tuliandika kwamba amemkabidhi Salome mtoto wake Riziki, mwenye umri wa miaka mitatu, amlee kama wake. Mashahidi tulikuwa Mzee, muuguzi mmoja aliyekwisha kurudi kwao, na mimi. Baada ya siku tisa tulimzika. Hakuacha picha.

Tulienda pamoja Jeppestown, tukafungua sanduku. Nilifuata fahirisi kwa kidole: Riziki, karatasi ya arobaini na moja, mgongo. Nikafunua. Arobaini, kisha arobaini na mbili, na katikati yake kipande chembamba kama uzi.

Chini wachomeleaji waliendelea na kazi yao. Riziki aliinama, akapitisha ukucha juu ya kile kipande toka juu hadi chini.

"Eish, Papa," alisema. "Nani amekata straight hivi?"

Nilimwambia ni mimi.

Alinitazama. "Ilikuwa na picha ya mama yangu?"

"Hapana. Dole gumba lake."

"Kubwa kama gani?"

Nikamwonyesha langu. Alilitazama, akalilinganisha na lake, kisha akaenda kusimama dirishani akitupa mgongo. Mama Salome alifunga daftari yeye mwenyewe. "Miye bila huyu siendi," alisema. "Waambie Wamarekani wabaki na Amerika yao."

Sijalala vizuri tangu siku ile. Nchi ambayo Mchungaji alituambia haiulizi ya jana, ofisi yake iliuliza ya jana swali la kwanza kabisa. Wala siilaumu ofisi hiyo. Mtoto hapaswi kusafirishwa kwa maneno matupu. Wanaotakiwa kujibu ni sisi.

Niliandika maelezo ya kiapo, nikamkabidhi Mama Salome. Yule mama mpole wa ofisini aliyasoma, akauliza swali ambalo mimi mwenyewe ningeliuliza: huyu anayeapa kilichokuwa kwenye karatasi si ndiye aliyeikata? Akawapangia mahojiano ya pili, waje na karatasi yenyewe.

Kuna jambo moja nililiandika katika kitabu changu cha kila siku jioni ya Jumapili ile, na sikumwambia mtu, nikidhani ni aibu ya mwenzangu tu. Célestin alipolifikia pipa, alichotupa motoni ni ratiba ya ibada. Karatasi niliyomkatia aliikunja mara nne akaitia katika mfuko wa ndani wa koti. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Basi mwaka huu, 2019, Septemba ilipokwisha na maduka ya Jeppestown yakaanza kufunguliwa tena baada ya zile siku mbaya za kushambuliwa kwa wageni, nilikwenda dukani kwake.

"Papa Katibu! Karibu, karibu. Unatafuta nini, betri?"

"Natafuta karatasi ya arobaini na moja."

Alicheka. "Yule Célestin alikufa, Papa. Wewe mwenyewe ulimfanyia maziko. Maiti haombwi karatasi."

"Maiti hauzi betri," nikamjibu. "Mgongoni mwa karatasi yako yuko mtoto. Unamjua, Riziki wa Mama Salome."

Hapo aliacha kucheka. Akampa mteja chenji yake, akangoja atoke, akasogea hadi nikasikia pumzi zake.

"Nilijua baada ya siku mbili," akasema kwa sauti ya chini. "Niliigeuza. Lakini nikiitoa, Papa, watasoma pande zote mbili. Mke wangu wa hapa hajui. Watoto hawajui. Unataka niwe nani tena, baada ya yote haya?"

"Nataka uwe mtu aliyekosea, na kosa lake linasomeka."

"Hiyo ni rahisi kusema ukiwa umestaafu," alisema, akaingia stoo, na hakutoka tena hadi nilipoondoka.

Sikumchukia. Niliiona hofu yake, nami ninaifahamu. Lakini hofu ya mtu mzima mwenye duka haiwezi kuwekwa juu ya dole gumba la marehemu. Nimekwisha kuliambia baraza la wazee kwa mdomo mara mbili, na mara mbili nimeambiwa nisichafue jina la mtu aliyezaliwa upya. Kwa hiyo ninaandika, na nakala ya maandishi haya imebandikwa mlangoni pa kanisa na imepelekwa kwa mkono kwa kila anayetajwa ndani yake.

Ninamtaka Ndugu Célestin amkabidhi Mama Salome karatasi ya arobaini na moja, nzima, bila kukatwa upande wake, kabla ya mahojiano ya pili, ambayo tarehe yake Mama Salome ameishika na sote tunaijua. Ninamtaka Mchungaji asimame mbele ya ushirika uleule uliomsikia akiagiza, aseme kwamba aliagiza, na kwamba hakuuliza kilichoko nyuma. Ninalitaka baraza liandike katika Daftari la Pili, mahali pa kile kipande, ni nani walioikata, lini na kwa sababu gani, na kila mmoja wetu watatu atie sahihi kwa jina lake kamili alilokuwa nalo siku ile. Sahihi yangu imekwisha kuwekwa. Mbili hazijawekwa, nami ninangoja jibu kwa maandishi.